Tusione Haya Kuwauliza Wazee Wetu

Leo twanena habari ambayo wengi huionea haya. Lakini haya hiyo nusura imdhuru mama yetu.

Mama aliteleza karibu na mfereji huko Marangu, akavunjika nyonga. Akatibiwa vema Moshi, katika hospitali ya KCMC iliyofunguliwa mwaka 1971, akafundishwa kusimama tena. Lakini aliporudi nyumbani alikataa chakula, akakataa na kutembea. Sisi tukasema, "Ni ukaidi wa uzee." Kisha akatokwa na choo cha majimaji, tukadhani ni kuhara.

Muuguzi alipokuja, aliinama akamwuliza taratibu, "Mama, tangu lini hujapata choo kizuri?" Akajibu, "Siku nane, mwanangu." Kumbe choo kigumu kilikuwa kimeziba, na maji yalipita kando yake. Lau tungalimpa dawa ya kuzuia kuhara, tungalimwongezea ugonjwa.

Sababu zilikuwa tatu: kulala mchana kutwa, dawa ya maumivu ya kodeini, ambayo hupunguza mwendo wa matumbo, na ukosefu wa maji. Nasi tulipomwuliza kwa nini hanywi, akasema, "Naogopa kumwamsha mkwe wangu usiku anipeleke chooni." Maneno hayo yalituchoma moyo.

Basi muuguzi akampa dawa ya kulainisha choo, nasi tukashika mafundisho yake. Kila asubuhi baada ya chai, wakati matumbo yanapoamka, Mama huketi chooni pasipo kuharakishwa. Kiti chake kimeinuliwa, maana nyonga iliyotengenezwa haifai kukunjwa sana. Pamoja na mtori hula maharage, mchicha na papai. Hunywa maji mara nyingi mchana; lakini mgonjwa wa moyo au wa figo na amwulize kwanza mganga. Tena hutembea hatua chache, asubuhi na jioni.

Tumbo likivimba na kuuma sana, au mzee akitapika, au damu ikitoka, msikawie kumpeleka hospitali.

Ndugu, tumeamriwa kuwaheshimu baba na mama. Zamani tulidhani heshima ni kunyamaza juu ya mambo kama haya. Sasa twajua kwamba yafaa kuuliza kwa upole, faraghani, na kuamka usiku pasipo kunung'unika, ili mzee asiogope kunywa kikombe cha maji nyumbani mwa watoto wake.