Mume Wangu Aliuza Gari Nikasome Jazi

Siku Corolla yetu ilipotoka getini ikiendeshwa na mtu mwingine, mume wangu alisimama barazani na kikombe cha chai, akaitazama mpaka ikakata kona. Akaniambia, "Haya mama, sasa ukaimbe kweli." Kesho yake alfajiri alikuwa kituoni Tabata anagombania daladala, tai shingoni.

Ilikuwa mwishoni mwa 2010. Tulikuwa na mwaka mmoja na nusu ndani ya ndoa, na mimi nilikuwa naondoka kwenda Durban, Afrika Kusini, kusomea uimbaji wa jazi na muziki wa pop. Chuo kikuu, miaka minne. Jamani, ndugu wa mume walivyozipokea habari hizo naomba nisieleze yote. Wifi yangu mmoja aliuliza kama kuna na shahada ya kupiga makofi. Mama mkwe hakutania. Yeye aliuliza mjukuu atapatikana kwa njia ya simu?

Mama yangu mzazi naye nilipomwambia nakwenda kusoma jazi, akasema, "Ya Morogoro?"

Si kosa lake. Kwetu neno hilo lilikuja na bendi za dansi: Dar es Salaam Jazz, Western Jazz, Tabora Jazz, na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe. Magitaa, matarumbeta, watu wanacheza mpaka majogoo. Marehemu baba alikuwa na santuri zao na hakuruhusu mtu aziguse. Nikamweleza mama kwamba hii ni ile ya Wamarekani weusi. Akafikiri kidogo, akasema kama kuna tarumbeta na watu weusi basi ni ndugu tu, niende.

Kwa nini niende wakati nilikuwa naimba tayari? Nilikuwa na miaka sita kwenye bendi ya hoteli, tunapiga kopi za watu: Whitney, Sade, Miriam Makeba, na vibao vya zilipendwa wageni wakiomba. Nilikuwa nalipwa, na watu walinipigia makofi. Usiku mmoja mpiga kinanda wetu aliugua, akaja mwingine wa kushikiza. Akaniuliza, "Dada, ufunguo gani?" Nikacheka. Akauliza tena. Sikujua. Miaka sita naimba wimbo ule na sikujua nauimba katika ufunguo gani. Mimi nilikuwa nafungua mdomo tu, wenzangu wananifuata. Yule kaka hakunidharau, ila alinitazama kama unavyomtazama dereva asiyejua kulifungua boneti. Sikulala vizuri siku ile.

Durban sikuichagua kwa kubahatisha. Kozi ya kwanza ya shahada ya jazi barani Afrika ilianzia pale, Chuo Kikuu cha Natal, miaka ya 1980, baada ya Darius Brubeck, mtoto wa mpiga piano maarufu Dave Brubeck, kuja kufundisha mwaka 1983. Mwaka 2004 Natal kiliunganishwa na kingine kikawa Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal. Kilichonivutia zaidi ni habari za Johnny Mekoa, mpiga tarumbeta aliyekwenda kusoma pale akiwa mtu mzima, kisha mwaka 1994 akaanzisha shule ya muziki kwa ajili ya vijana wa Daveyton. Mimi nilikuwa na miaka 28 na nilidhani nimechelewa.

Sasa nikuambie ukweli ambao hata mume wangu hakuujua wakati anauza gari. Ukisikia mtu anasoma muziki chuo kikuu, unafikiri kila siku ni Ijumaa usiku. Saa ya mwalimu wa sauti ni moja kwa wiki. Zilizobaki ni wewe na chumba kidogo chenye piano. Kuna nadharia, kuna historia, kuna kupiga piano hata kama wewe ni mwimbaji, kuna bendi ya darasa ambako unajifunza kunyamaza mwenzako anapopiga. Wimbo mmoja unausoma katika funguo zote 12. Halafu kuna somo la masikio. Mwalimu anapiga noti mbili, wewe unasema kuna umbali gani kati yake. Anapiga kodi, unasema ni ya aina gani. (Nilipomwambia mume wangu kwamba nahangaika na kodi aliniuliza nadaiwa na nani. Yeye ni mhasibu. Kwake kodi ni ya TRA.)

Wenzangu wengi walikulia kwenye kwaya za shule. Kule kwaya zinaimba kwa do-re-mi tangu utotoni, noti ziko kwenye damu. Vijana wa miaka 18 walikuwa wanajibu kabla mlio haujaisha. Mimi, shangazi yao, nabahatisha.

Mwezi wa sita 2011 nikafeli masikio. Si kwa alama moja au mbili. Nilifeli hasa.

Jioni ile mume wangu akapiga Skype kama kawaida. Akauliza, "Matokeo vipi?" Nikamwambia, "Nimefaulu yote." Ilitoka yenyewe. Nilikuwa nimemwona kwenye ile picha ya kukwamakwama, shati limelowa jasho la daladala, na sikuweza. Akafurahi! Akasema atawaambia nyumbani. Na akawaambia, mpaka kwa wifi wa makofi.

Nilikaa na uongo ule wiki tano. Msomaji, kama umewahi kumficha mwenzako jambo la pesa, unanielewa. Kila akituma hela nikawa nasikia kama naiba. Nikaanza kukwepa simu, eti niko mazoezini. Yeye naye akaanza kuwaza mambo mengine, na sikumlaumu. Mke yuko nchi nyingine na wanamuziki, hapokei simu saa nne usiku. Siku aliponiuliza moja kwa moja, "Kuna mtu?", ndipo nikasema. Nilitamani angepiga kelele. Alinyamaza, halafu akasema, "Kufeli unafeli, hata mimi bodi ya uhasibu nimerudia karatasi mbili. Lakini mama alishawaambia watu kanisani." Akakata.

Siku tatu kimya. Siku ya nne akapiga, na nyuma yake nikaona kinanda kidogo cha plastiki, cha mpwa wake. "Nimemwomba yule kijana wa kanisani anifundishe," akasema. "Nageuka nyuma, napiga mbili, unaniambia ni ya ngapi." Alikuwa ameandika majina ya noti kwa kalamu juu ya vitufe na ana daftari la hesabu lenye majibu. Mtu huyu hawezi kuimba hata wimbo wa taifa bila kupotea. Alikuwa hajui kama nimepatia mpaka aangalie daftari.

Tukafanya hivyo usiku kwa usiku, saa tatu kwangu na saa nne kwake, mpaka mwezi wa kumi na moja. Tuligombana sana humo. Siku nyingine alikuwa amechoka anapiga noti ileile mara tatu. Siku nyingine mimi ndiye nalia. Lakini nadhani hatukuwahi kuongea vile tulipokuwa nyumba moja. Nilirudia somo, nikapata.

Mwaka wa tatu nilipewa kazi ya kunakili kwa sikio, kisha kuimba, sehemu ya saksofoni ya Winston Mankunku Ngozi katika "Yakhal' Inkomo" ya mwaka 1968. Jina hilo ni mlio wa ng'ombe dume. Unasikiliza sekunde mbili, unarudisha, unaimba, unaandika, unarudisha. Wiki mbili zilinipatia dakika moja. Mkorea wa chumba cha jirani aligonga ukuta akaniomba kwa heshima nibadilishe ng'ombe. Mume wangu nilimpigia kumwimbia ile dakika moja. Akasema, "Hii haina maneno," kisha, "imba tena."

Onesho langu la kumaliza, 2014, hakuja, nauli haikupatikana. Rafiki yangu aliweka kompyuta kiti cha mbele ili asikilize. Mtandao ulikatika wimbo wa pili. Niliona kioo kimekuwa cheusi nikaendelea kuimba, ufanyeje?

Watu wanauliza kama ililipa. Nafundisha sauti watoto wa watu siku za wiki, Ijumaa na Jumamosi niko jukwaani. Kwa mwezi napata pungufu ya mume wangu, na pungufu ya wifi pia. Lakini siku hizi mpiga kinanda akiniuliza ufunguo namjibu, na akikosea namwambia. Mama mkwe alipata mjukuu 2016, akasamehe nusu. Gari tulinunua tena mwaka uliofuata, ndogo zaidi, haina redio nzuri.

Juzi tulikuwa kwenye foleni Ubungo, bodaboda ikapita inapiga honi za milio miwili. Mume wangu akainua kidole. "Ya tano hiyo," akasema.

Ilikuwa ya nne. Nikamwambia.