Nyar Seme hakuwa "mtu wa kimya" tu

Wasee, leo sina video ya kuchekesha. Nataka kuandika kuhusu mama mmoja wa kanisa letu hapa Kisumu tuliyemzika wiki mbili zilizopita, huko kwa mumewe Nyakach. Jina lake sitaliandika. Hata wengi wetu tulilisoma mara ya kwanza kwenye ratiba ya mazishi. Tulimwita Nyar Seme, binti wa Seme, vile wanawake walioolewa huitwa huku kwetu kwa kule walikozaliwa.

Mimi ndiye nilirusha mazishi mubashara kwa sababu wajukuu wake wako ng'ambo na hawakupata nauli. Hiyo ndiyo kazi inanilisha tangu niache chuo mwaka wa pili, kwa hivyo rekodi yote ninayo na nimeiangalia tena. Wanasiasa, ambao 2027 inawakimbiza kwa kila matanga, walikula saa mbili. Akina mama wa jumuiya walipewa dakika nne na wakaambiwa wafupishe. Na karibu kila aliyeshika maikrofoni alisema kitu kimoja: marehemu alikuwa mtu wa kimya, hakuwa na makuu.

Hapo ndipo mimi napinga. Ukishasema mtu alikuwa kimya umemaliza, huna haja ya kusema alifanya nini. Na huyu mama alifanya kazi, tena kazi ya kumgharimu.

Alikuwa anauza omena Kibuye kwa gorogoro. Kila mwaka, Aprili hadi Julai, uvuvi wa omena hufungwa ili samaki wazaane, na hiyo miezi minne alihamia nyanya na vitunguu, faida kidogo sana. Lakini Alhamisi yake haikubadilika. Alhamisi ilikuwa ya Russia. (Msomaji wa Nairobi, tulia. Russia ni hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga. Ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti, Mzee Kenyatta akaja kuifungua Oktoba 1969, ile siku ya risasi, na jina la mtaani limekataa kufa.)

Alibeba uji kwenye chupa ya chai, akapita wodi kwa wodi akitafuta watu wa jumuiya yetu, halafu wale ambao hawana mtu kabisa. Aliwafulia nguo. Mtu akiruhusiwa kwenda na hana nauli ya kurudi Muhoroni, yeye alijua pa kuchangisha. Maaskofu wa Afrika Mashariki waliamua miaka ya 1970 kwamba Kanisa Katoliki huku liishi kupitia jumuiya ndogo ndogo, majirani wanaojuana. Mpango mzuri. Mtaani kwetu mpango huo ulikuwa na miguu ya mama mmoja.

Historia ya dini huku kwetu inakumbuka sana waliotoka. Johana Owalo na Nomiya, Ajuoga na Johera mwaka 1957, Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko na Legio Maria mwanzoni mwa miaka ya 1960. Siwalaumu, walikuwa na sababu zao, na Aoko alikuwa bado kijana tu. Ila aliyebaki akifagia, huyo nani amemwandika?

Na tuache uongo, hakuwa mpole. Aliwahi kumtoa mzee wa kanisa kwenye benchi mbele ya watu kwa sababu ya matope ya viatu. Kwaya walimwogopa kuliko padre. Nilipoacha chuo, kila mtu pale nje ya kanisa alikuwa na swali au ushauri. Yeye aliniuliza tu, "Isechiemo?", yaani umeshakula? Akanipa hindi la kuchemsha, kisha akanituma maji ya maua ya altare.

Baada ya mazishi binti yake alimletea mwenyekiti wa jumuiya daftari lake, lile la kawaida la wanafunzi. Nimelishika. Jina, wodi, tarehe, alichobeba. Uji. Sabuni. Nauli, na ni pesa ngapi. Majina mengine yana msalaba mdogo kando. Hakuna sala hata moja iliyoandikwa mle. Mwenyekiti alitaka liwekwe kwenye kabati la sakristia kama ukumbusho. Akina mama wakakataa, kwa sababu ukurasa wa mwisho una watu watatu ambao bado wamelazwa.

Alhamisi iliyopita wawili wao walienda, mimi nikabeba chupa. Mgonjwa wa kwanza, mzee aliyevunjika mguu, alionja uji, akatuangalia, akauliza ndimu iko wapi. Kumbe Nyar Seme alikuwa anamkamulia ndimu. Daftari halisemi hivyo. Alhamisi hii tutabeba.