Mkate wa Kumimina: Tuliyojifunza Unguja

Mama mpendwa, tulipotembelea Mji Mkongwe, Unguja, tuliwakuta akina mama wakioka bila tanuri. Mchele hulowekwa usiku. Asubuhi husagwa kwa tui zito, hamira na iliki, hutiwa sukari, kisha rojo huachwa liumuke. Humiminwa katika sufuria iliyopakwa mafuta, moto mdogo chini, makaa juu ya kifuniko. Mchele hulainika wewe umelala; rojo huumuka ukiwaogesha watoto.

Ila sisi wauguzi twakusihi: jiko la mkaa likae nje, au penye hewa ya kutosha. Usiliingize chumbani wala kulala nalo. Hewa yake ya sumu haina harufu, nayo yaweza kuua familia nzima usingizini.