Oshkosh: Mji ambako mchanga hupanda ndege kabla ya mtoto

Mwishoni mwa Julai kila mwaka, mji wa Oshkosh katika jimbo la Wisconsin, Marekani, huamshwa na ngurumo za injini. Ni mji wa watu wapatao 66,000 tu, umekaa kando ya Ziwa Winnebago, na kwa sehemu kubwa ya mwaka hauna haraka. Lakini kwa wiki moja, uwanja wake wa ndege wa Wittman hupokea ndege ndogo kwa maelfu. Katika siku hizo mnara wake wa kuongozea ndege huwa na kazi nyingi kuliko mnara mwingine wowote duniani.

Jinsi ndege hizo zinavyoingia ni kivutio tosha. Marubani hukutana juu ya mji mdogo wa Ripon, kisha hufuata njia ya reli wakiwa wamepangana mmoja nyuma ya mwingine hadi kitongoji cha Fisk. Hapo waongoza ndege huketi nje wakiwa na darubini na redio. Hawamwiti rubani kwa jina. Humwita kwa rangi na umbo la ndege yake: wewe mwenye bawa la juu, mwekundu, tikisa mabawa. Rubani hajibu kwa sauti. Hutikisa mabawa, naye huelekezwa njia ya kutua. Kwenye lami kumechorwa madoa makubwa ya rangi, na kila rubani huambiwa doa lake la kugusa chini. Ndiyo maana ndege zaidi ya moja huweza kutua kwenye njia ileile kwa kufuatana, bila kugongana.

Wengi hawaendi hotelini. Husukuma ndege kwenye nyasi, huifunga kwa kamba na vigingi, kisha husimika hema chini ya bawa. Asubuhi watoto huonekana wakipiga mswaki kando ya gurudumu, na nguo zilizofuliwa zimeanikwa kwenye pangaboi. Maonyesho haya, yanayoitwa AirVenture, yalipokea watu zaidi ya 600,000 mwaka 2023, na idadi hiyo ikapitwa tena mwaka 2024.

Ndege za kivita hunguruma angani alasiri na watu hupiga picha. Lakini anayetembea na watoto atafanya vizuri kwenda kwanza kwenye safu za ndege zilizojengwa nyumbani. Hizi hazikutoka kiwandani zikiwa kamili. Zimejengwa gerejini, kwenye chumba cha chini ya nyumba au kwenye banda la shamba, na walimu, mafundi, madaktari, madereva na wastaafu.

Karibu na mlango wa kila moja kuna neno moja la Kiingereza lenye maana ya "ya majaribio". Ndani, mahali ambapo abiria hawezi kukosa kuona, kuna kibao kidogo cha tahadhari. Kinamwambia abiria waziwazi kwamba ndege hii imejengwa na mtu asiye kiwanda, na kwamba haikidhi kanuni za usalama zinazowekwa kwa ndege za kawaida.

Mzazi husoma kibao hicho huku mtoto akimvuta mkono na kuuliza kama anaweza kuketi ndani. Swali linalofuata halihitaji elimu ya urubani: je, aliyeijenga humpandisha mtoto wake mwenyewe?

Ilianzia chini ya nyumba

Umoja unaoandaa maonyesho haya, EAA, ulianzishwa mwaka 1953 mjini Milwaukee na Paul Poberezny, rubani wa jeshi aliyependa kujenga ndege kwa mikono yake. Kwa miaka ya mwanzo kazi za umoja ziliendeshwa kutoka chumba cha chini cha nyumba yake. Mwaka 1955 jarida moja la ufundi lilichapisha makala zake za kufundisha watu kujenga ndege ndogo iitwayo Baby Ace kwa gharama isiyozidi dola 800, pamoja na injini. Wanachama waliongezeka haraka. Mkutano wao wa mwaka ulihamia Oshkosh mwaka 1970 na haujaondoka tena.

Leo wajenzi wengi hununua seti ya vipande kutoka kwa makampuni maalumu. Sheria ya Marekani inawaruhusu kwa sharti moja kubwa: zaidi ya nusu ya kazi ya kuunda na kuunganisha lazima ifanywe na mjenzi mwenyewe, kwa ajili ya kujifunza au kujiburudisha. Haruhusiwi kulipa mtu amjengee yote kisha adai ni kazi yake.

Katika seti nyingi kazi huanza na mkia. Ni sehemu ndogo, na kosa la anayejifunza halimgharimu sana hapo. Karatasi za alumini hushikiliwa kwa pini za muda, matundu hutobolewa, kingo zake husuguliwa hadi zisibaki na ncha, kisha ribiti hugongwa moja baada ya nyingine. Ndege ya viti viwili ya alumini huwa na ribiti zaidi ya 10,000, na kuimaliza huweza kuchukua saa 1,500 au zaidi. Kwa mtu anayefanya kazi jioni na wikendi, hiyo ni miaka.

Familia nzima huishi ndani ya miaka hiyo. Gari hulala nje kwenye theluji kwa sababu gereji imekaliwa na bawa. Fedha za likizo hugeuka injini. Na kuna kazi ambazo mtu mmoja hawezi kuzifanya peke yake: mmoja hupiga ribiti kwa nyundo ya hewa, mwingine huzuia upande wa pili kwa kipande cha chuma kizito. Mahali pembamba ambapo mkono wa mtu mzima hauingii, mkono wa mtoto huingia. Watoto wengi wa wajenzi hawa hujifunza hapo kwamba ribiti iliyopinda hailazimishwi ikae. Hutobolewa, hutolewa, na nyingine huwekwa.

Hilo ndilo somo gumu zaidi la gereji hizi. Tundu likitobolewa vibaya mahali penye kubeba uzito, kipande cha wiki nzima hutupwa na kingine huagizwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini kwa ndege, ufa ukiachwa hakuna ukuta wa kujenga baadaye.

Mlango wazi kwa wakaguzi

Mjenzi hafanyi kazi kwa siri. EAA ina wajenzi wazoefu wanaojitolea kutembelea gereji za wengine wakati kazi ikiendelea, kabla ngozi ya bawa haijafungwa na kuficha yaliyo ndani. Hawaji kumwadhibu mtu. Huja na tochi na kioo kidogo, hupenyeza jicho pale ambapo mwenye kazi amepazoea kiasi cha kutopaona tena. Wapo pia washauri wa safari ya kwanza, ambao humsaidia mjenzi kujipima kama yeye ndiye anayefaa kuirusha ndege hiyo kwa mara ya kwanza. Wakati mwingine jibu la kweli ni hapana, na rubani mwenye uzoefu zaidi huombwa airushe badala yake.

Mwisho huja mkaguzi wa mamlaka ya usafiri wa anga, au mtu aliyeidhinishwa nayo. Huangalia ndege, huangalia daftari la ujenzi na picha za kila hatua. Akiridhika, hutoa cheti. Lakini cheti hicho hakimruhusu mjenzi kumwita mke, mume au mtoto apande.

Saa 40 bila abiria

Kwa kawaida ndege mpya hupewa muda wa majaribio wa saa 25 au 40 angani, kutegemea aina ya injini na pangaboi. Katika muda huo huruka kwenye eneo lililopangwa, mbali na makazi ya watu wengi, na haibebi abiria. Ruhusa ya rubani wa pili mwenye sifa ipo, ila kwa masharti maalumu.

Rubani hupima kila kitu hatua kwa hatua. Injini inapata joto kiasi gani inapopanda? Ndege hupoteza nguvu ya kuelea kwenye mwendo gani, na hujirudi vipi? Hujiweka sawa vipi ikiwa na mafuta kidogo, na vipi ikiwa imejaa? Ili kujua itakavyoruka ikiwa na watu wawili, mifuko ya mchanga hupimwa kwenye mizani, hupandishwa kwenye kiti cha abiria na kufungwa mkanda barabara. Uzito huongezwa kidogo kidogo, safari baada ya safari.

Kwa hiyo mchanga huruka kwanza. Mtoto aliyeshika kipande cha chuma nyuma ya ribiti kwa miaka minne husimama kando ya uzio na kutazama mfuko ukipaa kwenye kiti chake. Huo ni mtihani wa mzazi kuliko wa ndege. Mtoto anaomba, majirani wanauliza, babu na bibi wamesafiri kuja kuona. Naye aliyejenga kwa mikono yake, anayeijua kila nati, anatakiwa kusema: bado.

Sababu ya kusubiri haiko kwenye karatasi tu. Mwaka 2012 bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri ilitoa ripoti kuhusu ndege zilizojengwa nyumbani. Ilieleza kwamba ndege hizi hupata ajali kwa kiwango kikubwa kuliko ndege nyingine ndogo zinazofanya shughuli kama zao, na kwamba sehemu kubwa ya ajali hizo hutokea mapema katika maisha ya ndege. Injini kupoteza nguvu na rubani kushindwa kuidhibiti ndege zilikuwa miongoni mwa sababu kuu. Ripoti ilionya pia kuhusu ndege inayouzwa kwa mtu mwingine: mnunuzi hupata mashine, lakini hapati yale ambayo mjenzi alijifunza kwa miaka.

Wazee wa Oshkosh hawafichi jambo hili. Mahema yao ya mafunzo wiki nzima hujaa watu wanaojifunza kulehemu, kugonga ribiti, kupaka gundi kwenye mbao na kuzungumza juu ya ajali kwa uwazi.

Vijana na ribiti zao

Mwaka 2014 waandaaji waliamua kujenga ndege nzima mbele ya umma ndani ya wiki moja. Mwaka 2018 walirudia kwa ndege ya aina nyingine. Wapita njia walialikwa kuweka ribiti moja moja na kutia saini, wakiwemo watoto. Upande wa pili wa uwanja kuna eneo la watoto ambako hupewa miwani ya kinga na vifaa halisi, si vya kuchezea.

Tangu mwaka 1992, EAA pia ina mpango wa marubani wanaojitolea kuwarusha bure watoto wa miaka 8 hadi 17, na waliokwisha kurushwa wamepita milioni 2. Mzazi hutia saini kwanza. Kisha rubani humzungusha mtoto kuizunguka ndege, akimwonyesha kinachokaguliwa kabla ya injini kuwashwa.

Hamu hii haiko Marekani peke yake. Mwaka 2019 vijana 20 wa Afrika Kusini waliunganisha ndege ya viti vinne aina ya Sling 4 kwa wiki tatu, nayo ikaruka kutoka Cape Town hadi Cairo, ikitua pia Zanzibar. Walifanya kazi kubwa kwa mikono yao, lakini injini na vifaa vya elektroniki vya uongozaji vilifungwa na wataalamu. Hapakuwa na aibu katika hilo. Kujua kazi gani ni yako na ipi umwachie mwenye kuijua ni sehemu ya ufundi.

Mzazi wa Afrika Mashariki ambaye mtoto wake anachonga ndege za mbao au kuunga injini ya pikipiki kwenye kitu chenye mabawa ana la kuchukua hapa. Asimkatishe tamaa, wala asimshangilie tu akaishia hapo. Amtafutie fundi wa kumsahihisha, amfundishe kuandika kila hatua, na wafike kwenye mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi yao kabla chochote hakijaondoka ardhini.

Siku ya mwisho ya maonyesho, mahema hukunjwa kabla jua halijawa kali. Kwenye safu za ndege za nyumbani, baba au mama huikagua ndege kwa kuizunguka mara moja, kisha mara ya pili. Saa za majaribio zilimalizika zamani. Mifuko ya mchanga imebaki nyumbani. Mtoto hupanda, hufungwa mkanda, nao huvutwa kuhakikisha umekaza.

Kibao cha tahadhari bado kipo mbele yake. Sheria haikuruhusu kukitoa hata baada ya miaka ya kusubiri. Anakisoma, kama alivyokisoma safari iliyopita, kisha anatazama nje ya dirisha kwenye safu ya ribiti za bawa. Baadhi anazijua kwa kuziona.