Kadi za Bidoni: Safari Yangu ya Kwanza Shasha

Kwa sisi wa Goma, Shasha lilikuwa jina la sokoni. Ukilisikia unawaza mihogo, ndizi na sombe inayoshushwa asubuhi, unauliza bei, yameisha. Mwishoni mwa 2019 ndipo nilipokwenda mwenyewe, na sikwenda kutafuta chakula. Rafiki niliyesoma naye sekondari ya ualimu, ambaye alikuwa akifundisha huko, aliniita kwenye kikao cha walimu wa shule jirani. Sharti lilikuwa moja: “Kuya na mchezo wenye ulitunga weye mwenyewe. Kitabu kiache ku nyumba.”

Nikapanda pikipiki pale Ndosho, mapajani nimepakata kifuko cha vifuniko vya chupa za bia, vitu ambavyo Goma havina thamani wala upungufu. Mbele ya Mugunga barabara inapita kwenye mawe meusi ya volkano, na huko tulikuwa tukipishana na chukudu, zile skuta za mbao, zilizolemewa makaa, wenye nazo wakisukuma kwa bega. Sake barabara zinaachana: moja inapanda milimani kuelekea Masisi, nyingine inashika ukingo wa ziwa kwenda Minova na Bukavu. Tukaishika ya pili. Kuanzia hapo mawe meusi yanaisha, migomba inaanza, mlima uko kulia na maji yako kushoto. Motari wangu, ambaye hakuwa msemaji, alinionyesha Kirotshe na hospitali yake kwa kidevu tu.

Inafaa nieleze kwa nini walimu walikuwa wakikutana Jumamosi, siku ambayo mtu mwenye mshahara wetu angekuwa shambani. Katiba yetu ya 2006 inasema elimu ya msingi katika shule za serikali ni bure, lakini kwa miaka mingi ni wazazi waliotulipa. Septemba 2019 agizo hilo la katiba likaanza kutekelezwa. Watoto waliokuwa wakichunga mbuzi au kubeba wadogo zao wakaja shuleni, wote kwa pamoja. Madarasa hayakuongezeka, vitabu havikuongezeka, na baadhi ya walimu hawakuwa hata kwenye orodha ya mishahara. Darasa nililoonyeshwa lilikuwa na mabenchi yanayokaa watoto watano watano, waliokosa nafasi wakikaa chini karibu na ubao. Ukiwa na watoto wengi kiasi hicho, mchezo wa kufundishia si anasa. Pasipo mchezo utashinda unapiga kelele tu.

Nilianza mimi, kwa kuwa ni mgeni. Mchezo wangu ulikuwa wa kufundisha moja, makumi na mamia: mtoto anakusanya vifuniko kumi, anavibadilisha kwa kijiti kimoja, vijiti kumi anavifunga kuwa fungu, na anayefika fungu la kwanza ameshinda. Mama mmoja anayefundisha darasa la tatu alisikiliza hadi mwisho, kisha akaanza kuubomoa kwa upole. “Papa Mwalimu, huku vifuniko tutavitoa wapi?” Akaweka maharagwe badala yake. Halafu akaondoa mashindano. Kwake, mtoto anayebadilisha lazima aseme kwa sauti anachofanya, na wenzake wa kundi ndio wanaohesabu upya kabla ya kumpa kijiti. Mantiki yake ilikuwa wazi: mwalimu mmoja hawezi kukagua mikono yote hiyo, basi acha watoto wakaguane. Mchezo ukaondoka mikononi mwangu ukiwa bora kuliko ulivyoingia.

Lakini kilichonikalisha hadi alasiri ni kadi za mwalimu wa darasa la kwanza. Alikuwa amekata bidoni za manjano zilizotoboka, zile za kuchotea maji, kuwa vipande vya ukubwa wa kiganja. Kwenye kila kipande alikuwa amechoma silabi kwa msumari uliotiwa moto: sa, mba, za, ndi, zi, wa, ma, mu. Karatasi huku haidumu, akasema, bati linavuja. Kadi hizo zikilowa unazipangusa kwa kitambaa.

Aliita watoto wanane waliokuwa wakichungulia dirishani. Kila mmoja alivuta kadi tano kutoka kwenye rundo. Kazi ni kujenga neno, kisha kulitumia katika sentensi, na kundi linasema ndiyo au hapana. Wengine nyumbani wanaongea Kihunde, wengine Kinyarwanda. Neno la nyumbani linakubaliwa ilimradi mwenye nalo aweze kulieleza kwa Kiswahili. Mvulana mmoja akapanga ndi-zi, akajivuna. Msichana wa pembeni akanyoosha mkono, akaichukua zi, akaiunga na wa yake: ziwa.

“Mwalimu! Alikula ndizi yangu!”

Tulicheka sote isipokuwa mwalimu. Alimwuliza yule mvulana tu: “Umebaki na nini?” Alibaki na ndi. Akatazama kadi zake, midomo ikitembea, halafu akaweka mu. Ndimu. Kundi likasema ndiyo kabla hajatoa sentensi. Papo hapo kanuni mpya ikazaliwa: ruhusa kuchukua silabi ya mwenzio, ila uliyemwacha ana nafasi ya kujenga upya. Aliyeitunga kanuni hiyo ni nani hasa, mwalimu au yule msichana?

Fishi ya somo, ile karatasi ya maandalizi anayoidai mkaguzi, haina nafasi ya kuandika kwamba mtoto alikula ndizi ya mwenzake. Sekondari tulifundishwa habari za Célestin Freinet, mwalimu wa kijijini Ufaransa aliyeanza katika miaka ya 1920 kuchapisha maandishi ya wanafunzi wake kwa mashine ndogo na kubadilishana na shule nyingine. Tulimkariri kwa ajili ya mtihani. Hakuna aliyetuambia tumwige.

Mwanzoni mwa 2024 vita vilifika Shasha, na barabara kati ya Sake na Minova ikakatika. Watu na mizigo wakahamia kwenye maboti. Oktoba 3 ya mwaka huo boti moja kutoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, na watu wengi wakafa. Walimu wa kile kikao walitawanyika, kila mmoja na njia yake, na mchezo usioandikwa huondoka na mwenye nao.

Kwa hiyo mwalimu unayesoma hapa, kama una mchezo wako, uandike leo kwenye ukurasa mmoja: vifaa, idadi ya watoto, unavyoanza, na mahali ulipokwama. Mpe mwenzako wa shule nyingine, na akiubadilisha, mwombe akuandikie alichobadilisha.