Sehemu ya 4: Usiku niliponusurika kukosea dawa

Poleni na upepo. Leo huku Singida umevuma mpaka kamba yangu ya nguo imekatika.

Sehemu ya 3 tuliongelea uji wa mtoto. Baada ya pale nimepata meseji nyingi, na nyingi zinafanana: "Nesi, nachoka hata nikiwa ndo naamka. Moyo unaenda mbio. Nawafokea watoto kwa kitu kidogo halafu nalia mwenyewe. Nimepima malaria hamna, nimepima taifodi hamna. Nina tatizo gani?" Nilitaka kujibu mmoja mmoja, nikaona hapana. Acha niwape habari yangu, maana hayo yote yamenipata mimi mwenyewe ninayewafundisha kliniki.

Ilikuwa mwaka juzi. Mtoto wangu wa pili ana miezi 9, mkubwa ana miaka 4. Nilikuwa napangwa zamu za usiku, wodi ya watoto. Asubuhi nikitoka kazini silali. Nanyonyesha, nafua, napika, halafu nahangaika na wateja wa mafuta ya alizeti, maana mshahara peke yake hautoshi. Nikipata nusu saa mchana, badala ya kufumba macho nashika simu. Video moja inaleta nyingine. Siku za mapumziko ndo usiseme, saa sita usiku bado niko macho naangalia maisha ya watu. Ukijumlisha usingizi wangu wote wa siku ni masaa matatu au manne, tena ya kukatika katika.

Na chakula? Asubuhi chai ya vijiko vinne vya sukari na maandazi. Mchana makombo ya watoto. Usiku chipsi na soda, na ikifika saa nane usiku kinywaji cha kuongeza nguvu ili macho yasifunge. Mtu akiniuliza, najibu mimi mzima wa afya.

Sasa usiku mmoja, kama saa tisa hivi, naandaa sindano ya mtoto. Dawa za watoto tunapiga hesabu kwa uzito, kila kilo ina kiasi chake. Nikasoma faili, nikavuta dawa, nikaenda kitandani. Mama wa yule mtoto alikuwa amekaa chini, amejifunga kitenge, akanyanyua macho akaniambia kwa upole kabisa: "Samahani nesi, jana bomba halikujaa hivyo. Dawa imebadilishwa?"

Moyo wangu ulisimama. Nikarudi kwenye faili. Mtoto alikuwa na kilo 7. Mimi nilikuwa nimesoma kilo 17, ya mtoto wa kitanda cha pili. Yaani nilikuwa nakwenda kumchoma dozi zaidi ya mara mbili ya ile anayotakiwa. Nilimwomba radhi yule mama, nikaimwaga ile dawa, nikamwita mwenzangu tukapiga hesabu upya wawili. Halafu nikaenda chooni nikalia.

Mama zangu, hapo hapo shikeni moja: kuuliza siyo kumdharau nesi. Yule mama alimwokoa mwanawe, na mimi akaniokoa. Ukiona kitu hukielewi, uliza.

Asubuhi nilimweleza msimamizi wa wodi kila kitu na nikaandika taarifa. Ni mama mtu mzima, nilijua atanifokea. Hakufoka. Alisema, "Kaa hapa mwanangu," akanifunga mashine ya presha mkononi. Ikasoma 152 kwa 96. Wengi mnajua kwamba ikifika 140 kwa 90 tunaanza kuwa na wasiwasi. Akaniuliza, "Mara ya mwisho umelala vizuri lini?" Nilitafuta jibu nikalikosa.

Nikadhani hilo ndo lilikuwa kubwa la siku ile. Kumbe bado. Nimefika nyumbani, binti yangu akamwaga uji mezani. Kabla sijafungua mdomo, aliinama akajifunika kichwa kwa mikono yote miwili. Miaka 4! Sikuwa nimenyanyua mkono. Alishanizoea tu kwamba mama akija asubuhi, anakuja na hasira.

Presha ilinitisha. Ile mikono ya mwanangu ndo iliyonibadilisha.

Tuelewane kinachotokea mwilini. Mwili na akili havina nyumba mbili. Usipolala, mwili unadhani uko hatarini, homoni za msongo zinabaki juu, moyo unakwenda kasi na presha inapanda. Ubongo uliochoka unashindwa kuzuia hasira, unasahau, unasoma 7 unaona 17. Tena kukosa usingizi kunaongeza hamu ya vitu vitamu. Unakunywa soda, unachangamka kidogo halafu unaanguka tena. Soda moja ya mililita 350 ina sukari kama vijiko vinane vya chai hivi. Na kile kinywaji cha kuongeza nguvu kina kafeini, na kafeini inapita kwenye maziwa ya mama. Kwa hiyo nilikuwa namlalamikia mwanangu halali, kumbe namnyonyesha cha kumkesesha!

Mwanga wa simu nao unachelewesha usingizi, na yale tunayoyasoma mle yanauchosha moyo. Kwa watoto, Shirika la Afya Duniani linashauri aliye chini ya mwaka 1 asiangalie simu wala TV kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja kwa siku.

Wazee wetu mwaka 1973 walikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walikaa vikundi vikundi wakisikiliza redio, wakimaliza kipindi wanajadiliana, halafu wanakwenda kuchimba vyoo na kusafisha mazingira. Hakuna aliyepewa kidonge pale. Walibadilisha tabia, na walibadilisha kwa pamoja. Magonjwa mengi waliyopigana nayo yalitokana na uchafu. Leo tumeongezewa presha, kisukari na msongo, ila dawa ya kukaa pamoja na kukubaliana bado inafanya kazi.

Na mimi nilianzia hapo. Nilikaa na mume wangu nikamwambia ukweli wote, hadi ile sindano. Tukakubaliana mambo manne.

La kwanza usingizi. Nikitoka zamu, mtoto ananyonya halafu anapelekwa kwa mama mkwe hadi saa saba mchana. Dirishani tukafunga vitenge viwili, chumba kikawa giza. Simu inalala jikoni. Wiki ya kwanza nilikuwa naamka kuitafuta kama mlevi.

La pili chakula. Nilirudi kwenye vyetu: ugali wa uwele au mtama, mlenda, maharage, dagaa, yai la kuku wetu. Usiku kazini nikawa nabeba hotipoti na chupa ya maji. Sukari kwenye chai nilipunguza kijiko kimoja kila wiki. Chumvi kwa mtu mzima isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, kwa vyakula vyote. Na magadi tunayotia kwenye mlenda yana sodiamu kama chumvi, kwa hiyo tia mkono mwepesi.

La tatu kutembea. Dakika 30, siku tano za wiki, hizo ndo dakika 150 tunazoshauriwa. Kuna jioni naenda hadi Ziwa Singidani na watoto. Sina viatu vya mazoezi, naenda na ndala.

La nne kusema. Kila Jumapili mume wangu ananiuliza, "Wiki hii ilikuelemea wapi?" Namjibu bila kuficha. Na mimi namuuliza yeye.

Najua kuna mama anasoma hapa anasema, nesi wewe una mume na mama mkwe, mimi niko peke yangu, nauza vitunguu barabarani, nitalala saa ngapi? Nakusikia, na sitakudanganya kwamba ni rahisi. Anza na kimoja tu unachokimudu. Labda simu izimwe saa tatu usiku. Labda na jirani mpeane zamu, leo anakushikia mtoto saa moja ulale, kesho wewe. Na baba unayesoma hapa: kumshika mtoto mama alale siyo kumsaidia kazi zake. Mtoto ni wenu.

Lakini msinielewe vibaya, siyo kila kitu ni tabia. Mimi msimamizi wangu alinipeleka kwa daktari. Presha ilipimwa tena siku tofauti tofauti, na baada ya miezi mitatu ikashuka hadi 128 kwa 82 bila dawa. Wengine wanahitaji dawa, na kama umeandikiwa usiache kwa sababu ya posti yangu. Ukiwa mjamzito, au umejifungua ndani ya wiki sita, ukaumwa kichwa sana na macho kuona ukungu, usisubiri kulala upone. Nenda hospitali muda huo huo.

Na huzuni baada ya kujifungua: machozi ya siku chache za mwanzo huwatokea wengi na hupita. Yakizidi wiki mbili, huna hamu na chochote, mtoto unamwona kama wa mtu mwingine, hiyo ni sonona, na inatibika. Kwenye nchi kama zetu inampata karibu mama mmoja kati ya watano. Siyo uvivu, siyo kurogwa, siyo kukosa shukrani. Na likikujia wazo la kujidhuru au kumdhuru mtoto, mwambie mtu aliye karibu na uje siku hiyo hiyo. Hatutakucheka.

Sijawa malaika. Wiki iliyopita nimekunywa soda kwenye harusi, tena mbili. Lakini juzi binti yangu alimwaga maji sebuleni. Akaniangalia, akasema, "Mama nimemwaga," akaenda kuchukua tambara. Hakujifunika kichwa. Niligeukia ukutani ili asinione ninavyofuta machozi.

Kazi ya leo: andika saa uliyolala jana na saa uliyoamka, kwa siku saba. Usibadilishe chochote, andika tu. Sehemu ya 5 tutaongelea jinsi ya kumlaza mtoto anayekesha. Mtumie posti hii mama mmoja unayejua amechoka.

Usiku mwema. Zimeni simu mlale.