Maji ya Usiku Yana Mwenyewe

Kazi yangu ni kukusanya maoni ya wananchi kabla mradi wa maji haujajengwa. Nimeifanya zaidi wilayani Same, huku tambarare kwenye ukame na kule juu milimani kuelekea Shengena, ambako wa juu na wa chini wanaonana kwa macho na wanategemea kijito kimoja.

Kwenye makaratasi ni kazi nyepesi. Sheria ya serikali za mitaa, Na. 7 ya 1982, imeupa mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote wenye miaka 18 na zaidi, mamlaka ya juu kabisa kijijini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 nayo inataka wananchi washirikishwe mradi unapofanyiwa tathmini ya athari. Basi mtendaji anapiga mbiu, watu wanakusanyika darasani au chini ya mti, mhandisi anaeleza, mikono inanyooshwa, mahudhurio yanasainiwa, muhtasari unagongwa mhuri. Ofisini wanaandika kwamba wadau wameshirikishwa. Na mhuri sina ugomvi. Ugomvi wangu ni na tarehe yake.

Mara nyingi naitwa mchoro umeshachorwa, makadirio yamepita na zabuni iko njiani kutangazwa. Mwananchi akitoa neno la maana wakati huo, hana pa kulipeleka. Akilitoa mkataba umeshasainiwa, linageuka kuwa mabadiliko ya kazi: barua kwa mhandisi, mkandarasi alete bei mpya, mshitiri atafute fedha na idhini. Neno hilohilo lingesemwa mapema, lingekuwa mstari mmoja wa penseli.

Kuna kijiji cha tambarare ambako mkutano uliitishwa siku ya mnada, kwa kuwa gari la ofisi lilipatikana siku hiyo. Wafugaji walikuwa mnadani. Waliohudhuria walikuwa wakulima na wenye maduka. Wakaomba vilula vya kuchotea maji, wakapata vilula. Mbauti ya kunyweshea mifugo hakuna. Kiangazi kilipokaza, ng'ombe wakafuata harufu ya maji hadi kilulani, zege likapasuka, koki zikang'oka, na bomba likakatwa kwa panga. Ripoti ikaita jambo hilo uharibifu wa miundombinu. Mimi niliitwa wakati huo, kusuluhisha. Mzee mmoja wa Kimasai aliniuliza, "Afisa, ng'ombe wangu alitakiwa asome kibao gani ajue maji haya si yake?" Mbauti ikajengwa baadaye, kwa bei ya kazi ya nyongeza, na idhini yake ilichukua muda mrefu kuliko ujenzi wenyewe.

Akina mama nao hawasemi mkutanoni yale wanayosema njiani. Ukiwafuata alfajiri wakiwa na ndoo utayasikia bila kuuliza sana. Mahali fulani milimani kilula kilichorwa pembeni ya kilabu cha pombe ya dengelua, kwa sababu ndipo uwanja wa kijiji ulipo. Mkutanoni wanaume walipiga makofi. Njiani mama mmoja akaniambia kwamba jioni hatamtuma binti yake pale hata kwa dawa. Bahati nzuri mchoro ulikuwa bado haujafungwa. Kilula kikasogezwa hadi karibu na shule.

Wapo wenzangu wanaosema wananchi wa vijijini wafundishwe kwanza kutoa maoni. Same si mahali pa kusema hivyo. Mwaka 1945 maelfu ya Wapare waliteremka kutoka milimani wakapiga kambi kwenye makao ya wilaya hapahapa Same, kupinga kodi ya mbiru, ambayo kwayo kila mtu alikadiriwa kwa mali yake. Hawakukataa kulipa kodi. Walichokataa ni ule ukadiriaji, na walikuwa tayari kulipa kiwango kimoja kwa wote. Serikali ya mkoloni iliwasikia baada ya mvutano mrefu, na mwishowe kodi hiyo ikaondolewa. Marehemu Profesa Isaria Kimambo aliandika kitabu juu ya habari hiyo. Wajukuu wa watu wale wanajua kusema. Wanachopima ni kama wewe unayeuliza una uwezo wa kubadilisha kitu.

Hilo nililiona wazi zaidi kwenye suala la ndiva. Kwa asiyejua, ndiva ni bwawa dogo ambalo Wapare wamelitumia vizazi kwa vizazi. Mfereji unalijaza usiku, asubuhi linafunguliwa, maji yanakwenda shambani kwa zamu. Ukipanda Vudee au ukishuka Bangalala utazikuta. Zina viongozi wake, zina faini zake, na mfereji unasafishwa kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja. Asiyefika anaulizwa, na anaweza kukosa zamu.

Mradi niliokuwamo ulitaka kuchukua maji kwenye kijito kinacholisha ndiva mojawapo na kuyashusha kwa bomba hadi tambarare. Mhandisi, mtu makini na mwenye nia njema, alipima kijito wakati wa kiangazi na kufanya hesabu. Mchana wakulima wanamwagilia, akasema, basi tuwaachie. Usiku hakuna anayemwagilia. Maji ya kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi yanapotea bure, yajaze tangi letu. Akaeleza hivyo mkutanoni. Wazee wakanyamaza. Katibu akaandika kwamba wananchi wameafiki.

Kimya cha mzee wa Kipare mkutanoni si ridhaa. Kesho yake kabla ya jua kuchomoza niliomba kufuatana na mwenye zamu. Ndiva ilikuwa imejaa hadi ukingoni. Akaingia majini hadi magotini, akapapasa chini kwa mkono, akachomoa kizibo, na mfereji ukaanza kuvuma. Saa chache baadaye ndani limebaki tope tupu. Maji yote aliyomwagilia asubuhi ile yalikuwa ya usiku, yaleyale ambayo kwenye hesabu ya mhandisi hayakuwa na mwenyewe. "Tungemwambia nini?" mzee aliniuliza. "Alikuja na majibu."

Kisheria maji yote ni ya umma, na chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 anayetaka kuyachukua anaomba kibali. Huku kwetu kibali kinatoka Bodi ya Maji Bonde la Pangani, iliyoko Moshi. Mradi ungeweza kukipata na kusonga mbele. Lakini bomba lingepita kilomita kadhaa katika mashamba ya watu wa ndiva, na hakuna askari wa kulinda bomba usiku kucha.

Tukarudi, safari hii pembeni ya ndiva yenyewe, mhandisi akiwapo. Wazee hawakukataa watu wa tambarare wanywe. Walitaka chemba ya kugawia maji yenye matundu mawili, la ndiva na la bomba, ili kijito kikipungua wote wapungukiwe. Kisha mmoja wao akasema hili: chemba hiyo isiandikwe kwenye muhtasari, ichorwe kwenye mchoro wa mkandarasi na iwekewe bei yake, kwa sababu muhtasari hubaki ofisini na mkandarasi hajengi muhtasari. Sijawahi kusikia semina ikilieleza hivyo. Ikachorwa kabla ya zabuni kutangazwa.

Kiangazi kilichofuata watu wa chini walilalamika kwamba tangi linajaa polepole, wakataka tundu lao lipanuliwe. Wa juu wakajibu kwamba hata ndiva yao haijai. Waliitana kwenye chemba yenyewe, kila upande na fimbo yake ya kupimia kina, wakabishana hadi mchana na kuondoka kwa nongwa. Matundu yakabaki vilevile. Hakuna aliyegusa bomba.